Kezia na Ulimi wa Dorkasi

Inasimuliwa, na waliokihifadhi kisa hiki ni wanawake waliokipokea kwa mama zao, kwamba zama za utumwa, katika mji mmoja wa bandari kusini ya nchi ya Marekani, aliishi mfuaji nguo aliyeitwa Kezia. Alikuwa mwanamke mwembamba, mnyamavu, vidole vyake vimekunjamana kwa maji ya moto na magadi. Alihesabiwa kuwa mali ya nyumba ya Tolbert, kama watu wa zama zile walivyothubutu kumwita mja wa Mungu mali. Na mjini alijulikana kwa jambo moja: hakuwa na uongo. Weusi wenzake walilijua hilo, na weupe walilijua.

Tabia hiyo aliirithi kwa bibi yake mzaa mama. Bibi huyo alitekwa angali mtoto katika nchi ya Futa, Afrika ya magharibi, kutoka nyumba ya watu wa swala, akavushwa bahari katika minyororo. Hakubakiwa na mengi ya dini ya baba zake. Lakini kila alfajiri alitandika ngozi ya kondoo, akaelekea mashariki, akaliweka paji la uso wake chini. Na alimwachia mjukuu wake neno moja: "Ulimi ni amana, mwanangu. Ukiulizwa, sema kweli au nyamaza. La tatu halipo." Kezia alikulia katika kanisa na akamwomba Mola kwa maneno ya kanisa, ila neno la bibi yake hakuliacha.

Basi sheria ya mji ule iliwakataza watu weusi, watumwa na walio huru sawasawa, kukutana faraghani bila mzungu wa kuwasimamia. Weupe waliogopa njama. Waliogopa moto, waliogopa sumu katika supu, na kila palipokuwa na watu weusi watano waliozungumza kwa sauti ya chini walidhani wanazungumzwa wao. Pamoja na hayo wanawake weusi wa mji ule walikuwa na chama chao. Hakikuwa na jina, kwani chenye jina hutajwa. Mwanamke akipita dirishani na kusema, "Jumapili nitakuja kukopa chumvi," mwenzake alijua kuna mkutano, na alijua pa kwenda.

Na kazi ya chama ilikuwa nini? Ilikuwa kumuuguza mgonjwa kwa zamu, kumlea yatima wa mwenzao, na kumwosha maiti na kumvika sanda iliyo safi. Mtumwa akifa zama zile, mara nyingi alitiwa shimoni kama mzigo ulioharibika. Wanawake wale walikula kiapo kwamba hakuna dada yao atakayeondoka duniani bila kuoshwa na mikono impendayo. Na sehemu ya pili ya kiapo ilikuwa hii: linalosikika kitandani pa mgonjwa hubaki kitandani pa mgonjwa.

Mkubwa wao alikuwa Mama Fibi, mkunga, mwanamke huru aliyewapokea mikononi nusu ya watoto wa mji, weusi na weupe. Uhuru wake ulikuwa karatasi tu. Akikamatwa akiongoza mkutano wa siri, karatasi ile ingechanwa, naye angeuzwa mnadani katika uzee wake. Wengine wangechapwa hadharani. Hilo kila mmoja alilijua alipokula kiapo.

Kezia naye alikuwa na msiba wake. Mumewe, Kato, alikuwa mwendesha gari la farasi la nyumba ile ile ya Tolbert. Alijua kusoma, Mungu ndiye ajuaye alijifunzia wapi, na siku za mapumziko aliwafundisha wenzake herufi, akiziandika kwa mkaa kwenye sakafu ya banda la farasi na kuzifuta kwa majani makavu. Kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa kubwa. Mtu alipeleka habari. Asubuhi moja, Kezia akiwa anaanika mashuka, aliiona kofia ya Kato ikipita juu ya ukuta, kati ya kofia mbili za wanaume asiowajua, ikateremka njia ya sokoni na kupotea. Hakuambiwa nani alisema. Hakuambiwa kauzwa wapi. Tangu siku ile dua yake ilikuwa fupi: "Ee Mola, sikuombi mengi. Nijulishe alipo."

Katika nyumba ile alikuwamo pia Dorkasi, mtumishi wa chumbani wa Bi Mkubwa Tolbert, aliyemchana nywele na kumfunga vifungo vya gauni. Baada ya Kato kuuzwa, Dorkasi aligeuka kuwa mwema kwa Kezia kupita kiasi. Alimbebea ndoo za maji, kazi isiyokuwa yake. Alimgawia mkate. Siku moja akamwambia kwamba naye anatamani kuwahudumia wagonjwa, na Kezia mwenyewe akamdhamini mbele ya Mama Fibi. "Namjua," alisema. "Ni dada yangu." Na neno la Kezia lilitosha.

Kiangazi kilipoingia, homa iliingia nacho. Ilipita mtaa kwa mtaa, na siku za joto kali ilimwangusha Dorkasi. Bi Mkubwa aliogopa kuambukizwa, akaamuru apandishwe kwenye dari ya jiko la uani, mbali na nyumba kubwa. Kuanzia hapo chama kilishika kazi yake. Mmoja alipita na uji, mwingine na majani ya kuchemsha, mwingine alijifanya amekuja kuuza mboga. Jumapili asubuhi, weupe wakiwa kanisani, ilikuwa zamu ya Kezia.

Alimkuta mwenzake anawaka homa. Akamvua, akamfuta kwa kitambaa cha maji, akambadilishia shuka. Chini ya paa lile joto lilikuwa kama la tanuri, na dirisha pekee lilitazama uani. Kwa muda Dorkasi alilala akihema. Kisha akaanza kusema.

Mwanzo yalikuwa maneno ya homa tu: mbwa fulani, kiatu kilichopotea, mama yake aliyekufa zamani. Kezia akamwitikia kama mtu anavyomwitikia mtoto. Halafu sauti ikapanda.

"Mama Fibi! Mwiteni Mama Fibi! Sabina, umekuja? Tukutane stoo ya mkaa, nyuma ya kanisa, tutakopa chumvi sote!"

Kezia aliruka akalifunga dirisha.  Nyumba ya jirani ilikuwa karibu, na jirani yule alikuwa mkuu wa askari wa doria. Akarudi akamshika mwenzake mabega.

"Nyamaza, dada. Nyamaza, nakusihi. Wanasikia."

"Fibi, Sabina, Venasi, Merina," aliendelea Dorkasi, akiwataja kama anayewaita waje kula. "Wote wapo. Wote wema."

Kezia akaanza kuimba kwa sauti ili aifunike sauti ya mgonjwa, wimbo wowote uliomjia kinywani. Hakuwa na sauti nzuri, na hofu iliizidisha ubaya. Dorkasi akanyamaza ghafla, kama anayesikiliza. Aliposema tena, sauti ilikuwa nyingine, ndogo na ya unyenyekevu, sauti ya mtumishi aliyesimama nyuma ya kiti cha Bi Mkubwa.

"Ni Kato, Bi Mkubwa. Yeye ndiye anayewafundisha. Kwa mkaa, kule bandani. Mimi nimeona kwa macho yangu. Lakini usimwambie Kezia kwamba ni mimi. Ah, shali hii! Nzuri, Bi Mkubwa. Ahsante sana, Bi Mkubwa."

Kezia akaacha kuimba. Shali ile aliijua. Ilikuwa ya buluu, yenye mashada, na Dorkasi alisema amepewa kwa kuwa ilitoboka. Mara nyingi Kezia aliifua kwa mkono wake mwenyewe, kwa uangalifu, kwa sababu ilikuwa ya rafiki yake.

Akakaa kitako sakafuni. Mambo yote yalijipanga mbele yake bila kuitwa: ndoo za maji, mkate uliogawanywa, wema ule uliozidi kipimo. Naye ndiye aliyesema, namjua, ni dada yangu. Hakulia. Alisikia baridi katika joto lile.

Wakati huo huo alisikia magurudumu ya gari yakiingia uani. Bi Mkubwa alikuwa amerudi mapema kutoka kanisani. Na Dorkasi, kana kwamba sauti ya gari imemwamsha, alianza tena, kwa nguvu kuliko mwanzo: "Stoo ya mkaa! Mama Fibi yuko stoo ya mkaa!"

Kezia akauchukua mto.

Waliosimulia kisa hiki hawakulificha jambo hili, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulificha. Aliuchukua mto kwa mikono miwili na kusimama juu ya mgonjwa. Na nafsi ikikusudia uovu haikosi hoja. Nafsi yake ilimwambia: huyu mmoja, na wale ni wengi. Ilimwambia: homa inaua kila siku, nani atauliza? Ilimwambia: Mama Fibi atauzwa mnadani kwa ajili ya ulimi uliokwisha kumuuza Kato. Kila hoja ilikuwa na sura ya haki, na hilo ndilo lililomtisha, kwamba angeweza kulifanya na kulala usingizi.

Hatua za Bi Mkubwa zilisikika kwenye mawe ya uani. Dorkasi akafumbua macho. Hayakumtambua aliyesimama mbele yake, wala hayakuuona mto. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu.

"Maji," alisema.

Kezia aliitazama midomo ile. Kisha akasema, kwa sauti isiyozidi pumzi, "Ee Mola, ishike mikono yangu, maana mimi siiwezi." Akainama, akakiinua kile kichwa kilichokuwa kinawaka, akautia mto chini yake, akamnywesha maji kidogo kidogo mpaka akatosheka. Mgonjwa akafumba macho. Ngazi zikaanza kulia.

Bi Mkubwa Tolbert alisimama mlangoni, kitambaa chenye siki puani kujikinga na homa, hakutia mguu ndani.

"Nimemsikia tangu uani," alisema. "Stoo gani ya mkaa? Na huyo Fibi ni Fibi yupi?"

Akina Fibi mjini walikuwa wengi, na stoo za mkaa zilikuwa nyuma ya kila kanisa. Lilikuwapo jibu jepesi: ni homa, Bi Mkubwa, haina maana. Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi. Kezia alilimeza.

"Mgonjwa anawaita watu anaowapenda, Bi Mkubwa."

"Kezia. Wewe hujapata kunidanganya. Kuna mkutano wa watu weusi katika mji huu?"

Kezia alinyamaza.

"Nimekuuliza. Unawajua hao anaowaita?"

"Nawajua."

"Wataje."

"Sitawataja, Bi Mkubwa."

Mwanamke yule aliteremsha kitambaa kutoka puani kwa mshangao. Maishani mwake alikuwa amezoea kudanganywa na watumishi, na alikuwa na njia za kushughulika na uongo. Kukataliwa kwa kweli tupu hakukuzoea.

"Wanapanga kutuchoma moto?"

"La. Haki ya Mungu, la. Sijasikia kwao neno la kumdhuru mtu, mweusi wala mweupe. Huyu ameugua siku zote hizi, na mwili wake ni safi, na shuka lake ni safi. Wewe hukupanda ngazi hizi mpaka leo, wala sikulaumu, homa inatisha. Lakini kuna waliopanda. Ni hao."

Bi Mkubwa alimtazama Dorkasi kitandani, akatazama bakuli la uji, kisha akageuza uso. Labda alipatwa na haya. Na haya ikimpata mtu mwenye nguvu, mara nyingi hugeuka ghadhabu.

"Nina nyumba ya kukufundishia kutaja majina," alisema, akashuka.

Kezia alipelekwa siku ile ile kwenye nyumba ya adhabu, ambako wenye watumwa waliwapeleka watumwa wao wakaadhibiwe na mikono ya watu wengine. Palikuwa na gurudumu kubwa la kusagia mahindi, na wafungwa walilizungusha kwa kulikanyaga, ngazi zisizo na mwisho. Aliyeteleza aliumizwa na mbao, na aliyesimama aliumizwa na mjeledi. Kila jioni msimamizi alimwuliza, "Umepata ulimi?" Naye alijibu, "Ninao, bwana," kisha akanyamaza.

Lakini maumivu ya miguu hayakuwa ndiyo makubwa. Kubwa lilikuwa mlango. Kila mlango ulipofunguliwa na mwanamke mpya kusukumwa ndani, Kezia aligeuza shingo akitazamia kumwona Mama Fibi. Usingizi ulimkimbia. Alijishitaki kwa kila upande. Pengine nimesema mengi mno, aliwaza. Nimekiri kwamba wapo, nimeonyesha kwamba wanapita uani kwetu, sasa watavizia mlango wa jiko na kumnasa wa kwanza atakayekuja na uji. Kisha aliwaza juu ya Dorkasi. Kama amekufa, amekufa bila mtu wa kumfuta jasho. Kama anaishi, Bi Mkubwa atampandia ngazi na shali nyingine. Alijua kwamba Dorkasi aliwahi kusema kwa ajili ya shali, hali ana afya na hakuna anayemlazimisha. Sasa ni mdhaifu, na amani ya watu wote wale imo kinywani mwake. Na mimi niliyekuwa na mto mkononi, nikampa maji! Siku nyingine wazo hilo lilimjia kama majuto, akatubu. Siku nyingine halikumjia kama majuto hata kidogo, na siku hizo alijiogopa.

Asubuhi moja mpishi wa nyumba ile ya adhabu, mwanamke mzee asiyemjua kabisa, alimpa kipande chake cha mkate wa mahindi bila kumtazama. Kezia akauma, nusura ateme: ulikuwa umejaa chumvi. Akasimama na mkate kinywani, machozi yakamtoka. Wanajua aliko. Bado wako huru. Aliula wote, ukamchoma koo mchana kutwa, na hakulalamika. Lakini ilipofika jioni hofu ilikuwa imerudi, kwa sababu sasa alikuwa na mtu mwingine wa kumwogopea, yule mpishi.

Hatimaye waliamua kumtoa. Alikuja kuchukuliwa na mwendesha gari mpya wa nyumba ya Tolbert, na hakuambiwa sababu. Wengine husema bwana wa nyumba alichoka kuvaa mashati yaliyokunjamana, maana hakuna aliyejua kutia wanga kama Kezia. Wengine husema Bi Mkubwa hakuweza tena kupita mbele ya ngazi za jiko. Yaliyo vifuani anayajua Aliyeviumba.

Alilipanda gari akichechemea, hofu ikimtangulia. Njia nzima alitafuta nyuso alizozijua. Pale sokoni alimwona Sabina, ameketi na mboga zake. Karibu na kisima alimwona Mama Fibi mwenyewe, na kapu lake la ukunga mkononi, anakwenda alikoitwa. Mama Fibi hakusimama. Alipita karibu na gari na kusema, kama anayesema na kapu lake, "Karibu nyumbani, mwanangu. Sote tupo."

Uani alimkuta Dorkasi.

Alikuwa ameketi mbele ya beseni la kufulia la Kezia, amekonda hata mifupa ya mabega imechomoza, anafikicha mashuka kwa mikono isiyo na nguvu. Mgongoni, kupitia gauni, ilionekana michirizi mipya isiyokauka. Alipomwona Kezia alisimama, akashindwa, akakaa tena.

"Nani amekupiga?" Kezia aliuliza.

"Bi Mkubwa aliamuru. Nilipopata nafuu alinijia. Aliketi kitandani kwangu, Kezia, hajapata kuketi kitandani kwangu. Akaniambia nitaje majina, atanitoa jikoni anirudishe chumbani. Nikamwambia, Bi Mkubwa, zamani ulinitaka habari nikakupa, na mtu akauzwa. Mara hii sitaji; nitendee upendavyo." Akalikamua shuka lililokuwa mkononi. "Kuna jambo sijakuambia. Nimejaribu tangu siku ile. Kila ndoo niliyokubebea nilitaka kukuambia."

"Usijisumbue. Nimelisikia."

"Kwa nani?"

"Kwako. Ulilisema mwenyewe ulipokuwa na homa. Shali na yote."

Uso wa Dorkasi ulikuwa wa mtu anayetazama nyumba yake ikianguka. "Ulisikia," alisema polepole, "na ukanipa maji? Nakumbuka maji."

Kezia angeweza kuliacha hapo, na sifa ingebaki kwake. Lakini aliulizwa.

"Nilikuwa na mto mkononi, Dorkasi. Kabla ya maji. Nilitaka kukuziba pumzi. Nilikuwa nimekwisha simama."

Walitazamana. Katika nyumba jirani mtu alikuwa akipiga kinanda. Dorkasi ndiye aliyeanza kulia, bila sauti, mikono yake ingali ndani ya maji.

"Umenisamehe?" aliuliza.

"Sijui," alisema Kezia. "Sitakudanganya. Nikikutazama namwona yeye akipita juu ya ukuta. Lakini mgongo huo unahitaji mafuta, na leo hakuna mwingine wa kuupaka." Akaketi nyuma yake, akamfungua vifungo vya gauni.

Na wakati akimpaka, Dorkasi alisema, akiwa amempa mgongo, "Najua alipo."

Mkono wa Kezia ukasimama.

"Siku alipouzwa nilikuwa namchana Bi Mkubwa nywele. Bwana aliingia akasema amemuuza kwa mtu aitwaye Gadsby, mwenye mashamba ya pamba upande wa juu wa mto, baada ya maporomoko. Sikumwambia mtu. Nilikuwa naogopa usije ukaniuliza nimejuaje. Hakuna mwingine katika nyumba hii aliyesikia, ila wao na mimi."

 Wanasimulia kwamba Kezia alilala kifudifudi pale pale uani, juu ya mawe yaliyolowa, paji la uso wake chini kama bibi yake, na Dorkasi akadhani ameanguka.

Mama Fibi alipoelezwa yote, na Kezia hakumficha lolote, wala habari ya ule mto wa kitandani, aliwaita wanawake. Walikutana mahali pengine, si stoo ya mkaa tena. Wapo waliotaka Dorkasi afukuzwe. Mama Fibi akamgeukia Kezia.

"Wewe ndiye uliyedhulumiwa. Sema."

"Nilisema namjua, na sikumjua," alijibu Kezia. "Kosa hilo ni langu. Sasa namjua. Amepigwa kwa ajili yenu na hakuwataja. Mimi nawaomba abaki, ila asipewe zamu kwangu nikiugua, mpaka moyo wangu utulie."

Wakakubali hivyo, na Dorkasi akakubali. Na moyo wa Kezia ulichukua miaka kutulia.

Habari ya Kato ilipelekwa kwa njia ya wanawake. Mwuza mboga alimwambia mpishi wa merikebu ya mtoni, mpishi akamwambia mfuaji wa bandari ya juu, na mfuaji akamwambia mkunga wa mashambani. Kezia alingoja. Aliamka na hofu na akalala nayo, kwani sasa angeweza kuambiwa kwamba amekufa, na dua yake ingekuwa imejibiwa vilevile. Majani yalipopukutika, mwanamke mgeni alisimama dirishani na kusema, "Nimetumwa na mtu wa kwa Gadsby. Yu hai. Anauliza kama Kezia bado anaimba vibaya."

Kezia alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta.

Vita vilipokuja na kupita, na utumwa ukaondolewa kwa amri, hakungoja Kato aje. Alifunga mzigo akaufuata mto kwa miguu, akilala katika nyumba za wanawake aliokuwa hajapata kuwaona, ambao walimfungulia mlango aliposema amekuja kukopa chumvi. Akamkuta bandani mwa farasi, kichwa kimejaa mvi, anamlisha farasi asiye wake. Wakarudi pamoja.

Ndugu zangu waumini, tuzingatie. Kezia aliomba dua moja kwa miaka, na jibu lake lilikuwa limelazwa mbele yake, kinywani mwa mtu aliyemdhulumu. Lau mikono yake ingeitii ghadhabu kwa muda wa pumzi chache tu, angelizika jibu hilo kwa mikono hiyo hiyo, na angeendelea kuomba mpaka kufa asijue. Wala yeye hakuwa na moyo wa malaika. Aliogopa, akajuta wema wake, akashindwa kusamehe kwa wakati. Ila alipoulizwa alisema kweli au alinyamaza, na aliyeomba maji alimpa maji.

Mola atushike mikono siku tutakapokuwa na haki ya kukasirika.